Kuchagua Kihisi cha Joto Kali kwa Mradi wa Maikrokontrola

Miongoni mwa vihisi vya joto vinavyouzwa kwa wingi katika maduka ya vifaa vya elektroniki, kimojawapo ni kile kijulikanacho kwa namba DS18B20. Ni kifaa kizuri, bei yake ni nafuu, na mara nyingi huuzwa kikiwa ndani ya kifuko cha chuma cha pua kinachong'aa. Kifuko hicho humfanya mnunuzi adhani kwamba kihisi kinastahimili moto. Hakistahimili. Ukomo wake ni nyuzijoto 125 za Sentigredi, nao waya wake wenye gamba la plastiki aghalabu hulainika kabla ya hapo. Mwokaji mikate anayekitia ndani ya oveni ya nyuzijoto 220 hatapata kipimo kibovu tu. Atapata plastiki iliyoyeyuka juu ya chakula cha watu, na koili ambayo hakuna tena kinachoiongoza.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji wa kawaida anayetaka kutengeneza, au kutengenezewa na fundi, kifaa kinachopima na kudhibiti joto kali kwa kutumia maikrokontrola ndogo kama Arduino au ESP32. Watu wa namna hiyo wameongezeka: waokaji, wafinyanzi, wanaoyeyusha aluminiamu chakavu ili kusubu sufuria, wakaushaji wa matunda, na wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Hatudai kwamba msomaji awe mhandisi. Tunachotaka ni kwamba afikapo dukani ajue aulize nini, na arudipo nyumbani ajue ajihadhari na nini.

Joto lijulikane kwanza, kifaa baadaye

Wengi huanza na swali la kifaa: "Kipi ni kizuri?" Swali hilo halina jibu hadi joto lenyewe lijulikane. Mkate huokwa kwa nyuzijoto 200 hadi 240 hivi. Bati huyeyuka kwa nyuzijoto 232, zinki kwa karibu 420, na aluminiamu kwa 660. Vyombo vya udongo vya kawaida huchomwa kati ya nyuzijoto 900 na 1100. Kwa hiyo neno "joto kali" kinywani mwa mwokaji si lile la mfinyanzi, na kihisi kinachomfaa mmoja chaweza kumpotezea mwingine fedha zake zote.

Joto la kuzingatia si lile unalolitarajia siku ya kawaida. Ni lile la siku ambayo mambo yameharibika. Oveni iliyopangiwa nyuzijoto 220 inaweza kufika 350 ikiwa swichi yake imeganda, na saa hiyo ndiyo unayokihitaji kihisi kuliko saa nyingine yoyote. Chagua basi kihisi ambacho ukomo wake umepita joto la kazi yako kwa nafasi ya kutosha. Kisha zingatia mahali kitakapokaa: ndani ya hewa kavu, ndani ya moshi wa mkaa, juu ya bamba la chuma, au ndani ya madini yaliyoyeyuka. Mwisho, amua kosa la nyuzijoto ngapi unaloweza kulivumilia. Mkate hautaharibika kwa tofauti ya nyuzijoto 5. Rangi ya kung'arisha vyungu yaweza kuharibika.

Vihisi vya joto la chini vipite haraka

Kihisi cha LM35 hufikia nyuzijoto 150, na hutoa millivolti 10 kwa kila nyuzijoto moja. DHT22, ambacho hupima pia unyevu, huishia 80. Vyote viwili havina nafasi katika mada yetu. Themista, yaani kipande kidogo ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda, kinaweza kufika nyuzijoto 250 hadi 300 iwapo kimefunikwa kwa kioo. Ndicho kinachotumika katika mashine nyingi za kuchapa vitu kwa plastiki. Kwa oveni ndogo ya mkate kinatosha kwa shida, nacho hakikuachii nafasi ya ajali.

Kipo pia kihisi kisichogusa kitu, kinachosoma miale ya infraredi. MLX90614 ni mfano wake ulio maarufu, na hupima kitu chenye joto hadi nyuzijoto 380. Urahisi wake unavutia, lakini kina udhaifu ambao muuzaji ni nadra kuutaja: husoma kwa usahihi uso mweusi au usiong'aa, kwa kuwa uso wa namna hiyo hutoa miale kwa wingi. Kielekeze kwenye sufuria ya aluminiamu inayong'aa nacho kitakuonyesha joto la chini sana kuliko lililopo. Mtu aliyeamini namba hiyo akaigusa sufuria atajifunza kwa njia isiyopendeza.

Platini: kwa anayetaka usahihi

Kihisi cha Pt100 ni waya au utando mwembamba wa platini wenye ukinzani wa omu 100 kwenye sifuri ya Sentigredi, na karibu omu 138.5 kwenye nyuzijoto 100. Mabadiliko hayo ni thabiti mno hata viwanda vya chakula na dawa hukitumaini. Kiwango cha kimataifa kinachokisimamia ni IEC 60751, nacho hutaja madaraja: Daraja A lina kosa lisilozidi nyuzijoto 0.15 kwenye sifuri, na Daraja B nyuzijoto 0.30. Kosa hilo huongezeka joto linapopanda.

Kama kazi yako haivuki nyuzijoto 400, na fedha zinaruhusu, Pt100 ni chaguo la heshima. Lakini kuna mtego katika waya zake. Badiliko la nyuzijoto moja ni omu 0.385 tu. Ukitumia kihisi chenye waya mbili, na waya hizo zikawa na ukinzani wa omu 1 kwa jumla, kipimo chako kitazidi kwa nyuzijoto 2.6 kila siku bila wewe kujua. Ndiyo sababu vipo vyenye waya tatu au nne: waya za ziada humwezesha msomaji wa kipimo, kwa mfano kigeuzi cha MAX31865, kuondoa ukinzani wa waya kwenye hesabu. Uliza idadi ya waya kabla ya kulipa. Uliza pia ukomo wa kebo yenyewe, maana Pt100 nyingi za bei nafuu hazishindwi na platini. Hushindwa na gamba la kebo.

Themokapo na namna inavyofanya kazi

Juu ya joto hilo, mlaji wa kawaida ataishia kwenye themokapo. Asili yake ni ya zamani: mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na maungo yake yakiwa na joto tofauti, hutokea athari ya umeme. Themokapo ni waya mbili za aloi tofauti zilizochomelewa pamoja kwenye ncha. Hakuna betri ndani yake wala kipande cha elektroniki, na ndiyo maana inastahimili moto ambao ungeviteketeza vihisi vingine.

Aina zake hupewa herufi. Aina ya K, yenye aloi ya nikeli na kromiamu upande mmoja na aloi ya nikeli na aluminiamu upande wa pili, ndiyo inayopatikana kirahisi. Aina ya J ina chuma upande mmoja na kwa kawaida haipitishwi nyuzijoto 750. Aina ya N ilibuniwa ili idumu zaidi ya K katika joto kali. Aina ya S, ya platini na rodiamu, hufika karibu nyuzijoto 1600, lakini bei yake ni ya platini kweli, na umeme wake ni mdogo zaidi.

Vitabu vingi husema kwamba aina ya K hufika nyuzijoto 1260. Maneno hayo ni kweli na yamewapotosha wengi. Ukomo huo ni wa waya nene, yenye kipenyo cha milimita 3.25. Waya ya nusu milimita ya aina hiyohiyo hushauriwa isipitishwe nyuzijoto 870 hivi, kwa sababu waya nyembamba huliwa upesi na moto. Halafu kuna gamba. Themokapo ndogo yenye skrubu, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na kigeuzi chake katika mfuko mmoja, ina waya zilizofumwa kwa nyuzi za kioo. Gamba hilo la kawaida huvumilia karibu nyuzijoto 480. Inafaa kwa oveni ya mkate. Mfinyanzi akiitia kwenye tanuri la nyuzijoto 1000 atakuwa amenunua kifaa cha kutumika mara moja.

Kwa tanuri, tafuta themokapo yenye waya nene ndani ya mrija wa kauri. Chuma cha pua cha kawaida huanza kuliwa vibaya kikipita nyuzijoto 900 hivi. Kwa anayeyeyusha aluminiamu tatizo ni jingine: joto lenyewe si kubwa sana, lakini aluminiamu iliyoyeyuka hulila chuma, hivyo kijiti cha chuma kisichofunikwa huisha kidogokidogo kila kinapochovywa. Na kisichovywe kamwe kikiwa na unyevu. Tone la maji likiingia chini ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha madini hayo usoni mwa aliyesimama karibu. Kipashe kijiti joto juu ya tanuri kwanza, kila mara, hata kama kinaonekana kikavu.

Moshi nao una neno lake. Katika tanuri lenye hewa haba, kama lile la mkaa lililofungwa, aina ya K huharibika ikikaa muda mrefu kati ya nyuzijoto 815 na 1040 hivi: kromiamu iliyo ndani ya waya huungua peke yake, waya ikawa na ukungu wa kijani, na kipimo kikashuka. Uharibifu wa namna hii ni wa hila, kwa sababu kihisi hakifi. Kinaendelea kusema uongo kwa utulivu, tanuri likiwa na joto zaidi ya linaloonyeshwa. Aina ya N hustahimili hali hiyo vizuri zaidi, na anayechoma kwa mkaa kila wiki angefaa kuifikiria licha ya bei.

Kigeuzi kati ya kihisi na maikrokontrola

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini nisiunge waya za themokapo moja kwa moja kwenye Arduino? Hesabu inajibu. Themokapo ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzijoto. Arduino Uno, kwa mpangilio wake wa kawaida, hugawa volti 5 katika hatua 1024, yaani kila hatua ni millivolti 4.88. Gawanya, utaona kwamba hatua moja ni sawa na nyuzijoto 119. Kifaa kama hicho kitakuambia kwamba oveni ina joto, jambo ambalo mkono wako umekwisha kulijua.

Kwa hiyo panahitajika kigeuzi. Kinachouzwa kwa wingi ni MAX6675. Kinasoma aina ya K tu, kuanzia sifuri hadi nyuzijoto 1023.75, kwa hatua za robo ya nyuzijoto. Kinakubali umeme wa volti 3 hadi 5.5, hivyo kinaungana na Arduino na ESP32 pia. Mrithi wake, MAX31855, anapatikana kwa aina kadhaa za themokapo, na kile cha aina ya K husoma hata chini ya sifuri na kufika 1372. Lakini hutumia volti 3.3, na anayekiunga na volti 5 bila vipande vya kushusha umeme atakiunguza. Kuna pia MAX31856, ambacho husoma karibu aina zote na kusahihisha mkunjo wa asili wa themokapo, ilhali wale wawili wa kwanza huchukulia kwamba umeme hupanda kwa mstari ulionyooka na hivyo hukosea nyuzijoto kadhaa katika baadhi ya maeneo.

Msomaji asidanganywe na ile robo ya nyuzijoto inayoonyeshwa kwenye kioo. Hiyo ni hatua ya kuhesabia tu, nayo haiahidi usahihi. Kiwango cha IEC 60584 kinaruhusu themokapo ya aina ya K ya Daraja la 2 ikosee kwa nyuzijoto 2.5, au asilimia 0.75 ya joto linalopimwa, ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Kwenye oveni ya 220 hilo ni kosa la nyuzijoto 2.5. Kwenye tanuri la 1000 ni 7.5. Ongeza kosa la kigeuzi chenyewe juu yake. Themokapo isiyotaja daraja lolote haina ahadi yoyote ya kuivunja.

Jambo linalowashinda wengi ni kwamba themokapo haipimi joto la ncha yake. Hupima tofauti kati ya ncha hiyo na mahali waya zake zinapoishia, kwenye skrubu za kigeuzi. Kigeuzi hupima joto lake chenyewe na kuliongeza kwenye hesabu. Tuseme umefunga kisanduku ubavuni mwa oveni. Skrubu zimefika nyuzijoto 60, lakini kipande cha kigeuzi bado kiko kwenye 45. Kipimo kitapungua kwa nyuzijoto 15, na oveni itaongezewa moto usiohitajika. Kisanduku kikae mbali na moto, penye hewa, wala feni isikipulize upande mmoja tu.

Kwa sababu hiyohiyo, waya za themokapo hazirefushwi kwa waya za kawaida za shaba. Kama maungio yako yako karibu na tanuri penye nyuzijoto 80, na kisanduku kiko penye 30, shaba hiyo itakupunguzia nyuzijoto 50 kwenye kipimo. Nunua kebo ya kurefushia ya aina ileile, au sogeza kisanduku.

Rangi za waya

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na si kwa uzembe wa mnunuzi. Kwa kiwango cha IEC, kebo ya aina ya K ni ya kijani, waya chanya ni wa kijani na hasi ni mweupe. Kwa desturi ya Marekani kebo hiyohiyo ni ya njano, waya chanya ni wa njano, na hasi ni mwekundu. Fundi aliyezoea betri huuona mwekundu akauweka kwenye chanya. Masoko yetu yana bidhaa za mifumo yote miwili, na nyingine ambazo hazifuati mfumo wowote.

Sumaku ndogo yaweza kukuamulia. Katika aina ya K, waya hasi huvutwa na sumaku na waya chanya hauvutwi. Jaribio jingine ni kuishika ncha kwa vidole baada ya kuunga: namba ikipanda umeunga sawasawa, ikishuka umegeuza. Jaribio hili lisirukwe. Themokapo iliyogeuzwa huonyesha joto likishuka kadiri oveni inavyowaka, nayo programu, kwa utii wake wote, huzidi kuongeza moto.

Kihisi kinapokufa oveni ikiwa imewaka

Tumesema kwamba kihisi kichaguliwe kwa kuzingatia siku ya ajali. Ajali za kawaida ni tatu, na kila moja ina sura yake.

Waya hukatika. Vigeuzi tulivyovitaja hulitambua hilo, na maktaba nyingi za programu hurudisha thamani iandikwayo NaN, maana yake "si namba". Ukilinganisha thamani hiyo na namba yoyote, iwe kubwa au ndogo, jibu la maikrokontrola ni "hapana". Sasa tazama amri mbili. Ya kwanza: "joto likizidi 220, zima koili." Kihisi kimekufa, sharti halijatimia, koili iliyokuwa imewaka inaendelea kuwaka. Ya pili: "joto likiwa chini ya 220, washa; vinginevyo zima." Kihisi kimekufa, sharti halijatimia, koili inazimwa. Tofauti ya amri hizi mbili ni maneno machache, na nyumba yaweza kuungua kati yao. Bora zaidi ni programu ikague NaN waziwazi, izime koili na kupiga king'ora. Mlaji anayetengenezewa kifaa na fundi ana haki ya kumwambia, "Chomoa kihisi nione." Oveni isipozimika ndani ya sekunde chache, usilipe salio.

Ajali ya pili ni waya mbili za themokapo kugusana njiani, gamba likiwa limechubuka. Hapo mahali zilipogusana ndipo panapokuwa ncha mpya, na kigeuzi kitaonyesha joto la mahali hapo, pengine nyuzijoto 35, kikiamini kwamba kila kitu ni kizima. Hakuna onyo litakalotolewa. Kinga yake ni programu kuangalia mwenendo: ikiwa koili imewaka dakika kadhaa na joto halikupanda, kuna kasoro, na moto uzimwe.

Ya tatu haihusu kihisi kabisa. Relei inayowasha koili huganda ikiwa imefunga, na zile za kielektroniki zisizo na sehemu zinazosogea mara nyingi hufa kwa namna hiyo hiyo. Maikrokontrola itasema "zima" na hakuna kitakachozimika. Kwa hiyo kifaa chochote cha joto kali kinachotumia umeme wa nyumbani kinahitaji kinga ya pili isiyotegemea programu: themostati ya kimakanika iliyowekwa juu kidogo ya joto la kazi, au fyuzi ya joto, iliyoungwa ili ikate umeme wa koili yenyewe. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na oveni. Uungaji wa umeme wa volti 230 na waya wa ardhini ufanywe na fundi umeme mwenye leseni, hata kama mwenye mradi ni hodari wa programu.

Kujaribu nyumbani

Huhitaji maabara ili kugundua kihisi kilicho kibovu sana. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, tia maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga, ngoja dakika chache, kisha tumbukiza ncha bila kugusa kuta. Kipimo kikaribie sifuri. Kisha chemsha maji. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar yatachemka kwenye nyuzijoto 100, lakini Arusha ni karibu 95, na Nairobi ni kati ya 94 na 95, kwa sababu hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kadirio la kushuka nyuzijoto moja kwa kila mita 300 za mwinuko linatosha. Wapo waliorudisha vihisi vizima dukani kwa kutolijua hilo.

Majaribio hayo mawili hayathibitishi usahihi kwenye nyuzijoto 900. Yanakuonyesha tu kwamba waya zimeungwa vema na kigeuzi kinahesabu. Mwenye kuuza bidhaa zinazotegemea joto sahihi, hasa chakula, apeleke kifaa chake kwenye huduma ya ugezi. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya yana maabara za kazi hiyo.

Dukani

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zina kanuni moja ambayo kila mnunuzi wa vifaa vya kiufundi angepaswa kuijua. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi mahsusi anayoitakia bidhaa, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, na bidhaa ikawa ya aina ambayo muuzaji huyo huuza katika biashara yake, sheria huchukulia kwamba bidhaa hiyo lazima iifae kazi hiyo. Lakini kinga hiyo hulegea pale mnunuzi anapotaka kifaa kwa jina lake la kibiashara bila kueleza kazi. Anayesema, "Nipe MAX6675 na themokapo yake," amechagua mwenyewe. Anayesema, "Ninataka kupima tanuri la nyuzijoto 1000, nishauri," amemkabidhi muuzaji sehemu ya wajibu.

Eleza basi kazi yako, na omba joto hilo liandikwe kwenye risiti. Maneno machache yanatosha: "themokapo ya aina ya K, tanuri, 1000." Muuzaji anayekataa kuyaandika amekupa taarifa muhimu bila kukutoza. Ununuapo kwa njia ya simu, tuma ujumbe wenye maelezo hayo kabla ya kulipa na uuhifadhi pamoja na jibu. Usichukue kihisi kisichotaja aina ya themokapo, ukomo wa joto la kebo, na urefu wa kijiti. Na ukitiliwa shaka, sumaku uliyoibeba mfukoni hairuhusiwi na nani?

Vipande bandia vya vigeuzi na vya DS18B20 vipo sokoni, na kwa macho havitofautiani kirahisi na halisi. Ukishuku, usikitupe. Kihifadhi pamoja na mfuko wake, risiti, na maandishi ya majaribio ya barafu na maji yakiwa na tarehe, kisha umrudie muuzaji kwanza. Akikataa kusikiliza, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya bidhaa bandia kwa upande wa Tanzania.